Samaki Aliye Hai na Mpaka wa Nchi

Neno ninalotaka tulifikiri pamoja mwezi huu laweza kuonekana dogo, na labda wako watakaocheka. Je, mtu akimtwaa samaki aliye hai, akamtia katika mfuko wa maji, akamvusha mpaka wa nchi kwa siri, amemkosea nani? Simsemi samaki wa kuliwa. Huyo twajua habari zake: huvuliwa, hukaushwa, huuzwa, huliwa. Namsema samaki wa mapambo, yule awekwaye katika sanduku la kioo sebuleni, ili watu wakae wakimtazama jioni wanapopumzika. Biashara ya samaki hao ni kubwa duniani, tena ilikwisha kufika zamani katika pwani za ziwa letu la Tanganyika. Vijana wa vijiji vya ziwani wameitwa katika kazi hiyo, wengine kwa njia ya mchana, wengine kwa njia ya usiku.

Jibu la kwanza utakalolisikia ni hili: samaki hana pasi. Ziwa ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na mpaka umepita katikati ya maji pasipo jiwe wala mti wa kuuonyesha. Dagaa na migebuka huenda huku na huku. Asubuhi ni wa Kongo, jioni ni wa Tanzania, wala hakuna karani aliyewaandika. Basi, asema mtu, ikiwa samaki mwenyewe huvuka asiulizwe, kwa nini mimi niulizwe nikimvusha ndani ya ndoo?

Maneno hayo ni matamu masikioni, na kwa dagaa yana ukweli wake. Lakini samaki wa mapambo si dagaa, na hapa ndipo wengi wasipojua hukosea hesabu. Katika ziwa hili, ambalo urefu wake wapata kilomita 670 na kina chake kama mita 1,470, wamo samaki wa jamaa moja ambao wataalamu huwaita sikilidi. Aina zao zafika 200 na zaidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Wengi wao hawasafiri. Wako wadogo, hawapati urefu wa kidole, ambao hukaa ndani ya makombe matupu ya konokono chini ya ziwa, mume na wake zake na watoto, kila mmoja na kombe lake, kama mji wa watu. Wako tena wale waitwao Tropheus, wakaao katika miamba ya kando wakikwangua ukoga wa kijani juu ya mawe. Tropheus hathubutu kuvuka ghuba pana ya mchanga wala maji ya kina. Kwa hiyo wa rasi hii ni mweusi mwenye mkanda wa manjano, na wa rasi ya pili, ambayo mtu aiona kwa macho yake, ni mwekundu. Na wamekaa hivyo, wakitengwa na mchanga tu, kwa muda ambao sisi hatuwezi kuuhesabu kwa vizazi vya watu.

Mama wa samaki huyo hutaga mayai machache sana, mara nyingi hayafiki ishirini, naye huyachukua kinywani mwake. Humo huanguliwa, na humo watoto hukaa muda upatao mwezi mmoja. Lipulize hilo katika moyo wako, ndugu msomaji. Sato hutoa watoto kwa mamia, na mvuvi akitwaa wengi mwaka huu, mwaka ujao wamejaa tena. Tropheus wa rasi moja wakitwaliwa mfululizo kwa miaka michache, hakuna wa rasi ya pili atakayekuja kuijaza nafasi yao, maana mchanga umewazuia.

Kwa hiyo mimi naona yule asemaye kwamba samaki hajui mpaka amesema kinyume cha mambo yalivyo. Samaki huyu ana mpaka ulio mkali kuliko wa serikali yo yote. Mpaka wake ni jiwe lake. Tulipoichora mistari yetu juu ya maji hatukumwuliza, na kweli mistari hiyo haimhusu. Bali siku ile alipoinuliwa kutoka jiweni amekwisha kuvuka mpaka mkubwa kuliko wa forodha, naye hakuuvuka kwa hiari yake.

Sasa na tuitazame safari yenyewe, maana watu wengi huisema biashara hii bila kujua kiumbe hupata nini njiani.

Mzamiaji huingia na wavu, akawazungushia samaki kati ya mawe. Kama amewakamata karibu na uso wa maji, neno si kubwa. Kama amewakamata chini sana, hawezi kuwapandisha upesi, kwa sababu ndani ya samaki mna mfuko wa hewa, na kadiri apandavyo hewa ile hutanuka. Akipandishwa ghafula, mfuko humjaa tumboni, akaelea kichwa chini, akafa. Mzamiaji mwema huwapandisha kidogo kidogo, akiwaacha katika tundu lililozamishwa wapumzike, hata kwa siku kadhaa. Mwingine huwachoma kwa sindano nyembamba ili hewa itoke, na hiyo ni kazi ya mkono uliozoea. Mwenye haraka hupandisha tu, akahesabu waliobaki. Halafu samaki huwekwa siku mbili tatu bila chakula. Mtu asiyejua ataona huo ni ukatili, kumbe ndiyo huruma yenyewe, kwa maana samaki aliyeshiba atayachafua maji ya safari yake. Ndipo hutiwa katika mfuko wa plastiki, sehemu moja maji na sehemu mbili hewa ya oksijeni, mdomo ukafungwa kwa mpira, mifuko ikapangwa katika sanduku la povu gumu lisilopitisha joto wala baridi, sanduku likaenda kwenye ndege.

Humo mfukoni saa huhesabiwa. Samaki apumuapo hutoa amonia, ambayo ni sumu, nayo haina pa kwenda. Maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Lakini pumzi ile ile ya samaki huyafanya maji ya mfukoni kuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo huituliza sumu. Hivyo hukaa hai, kwa namna ya ajabu, ndani ya uchafu wake mwenyewe. Mfuko ufunguliwapo hewa ile hutoka, maji hurudia ukali wake wa magadi, na sumu iliyokuwa imelala huamka. Samaki aliyestahimili safari ya siku mbili aweza kufa katika nusu saa ya kufika, kwa sababu tu aliyempokea hakujua, au hakujali.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu latuambia kitu juu ya mpaka. Mzigo wa kahawa ukikaa forodhani siku tatu, mwenye mali amepata hasara. Sanduku la samaki likikaa forodhani siku tatu, walio ndani wamekufa. Basi yule afisa aonaye sanduku lenye kibali cha uvuvi na cheti cha mganga wa mifugo, kila hati iko mahali pake, naye akaliweka pembeni akingoja mwenye mzigo aelewe kwamba mkono mtupu haulambwi, huyo naye amehesabiwa katika habari hii. Huwasikia watu wakimlaani mfanya magendo. Na alaaniwe kwa haki. Lakini magendo mengine yamezaliwa na afisa. Mtu mwaminifu aliyepoteza masanduku yake mawili kwa kungojeshwa, mara ya tatu atajaribiwa sana kupita kwa mtumbwi.

Yako masimulizi ya magendo yachekeshayo. Mwezi wa Juni mwaka 2005, mwanamke mmoja alishuka katika uwanja wa ndege wa Melbourne, Australia, akitoka Singapore. Maafisa wakasikia sauti ya kitu kikipigapiga kiunoni mwake. Walipomkagua wakaona amevaa chini ya sketi yake aproni iliyoshonwa kwa kazi hiyo, yenye mifuko 15 ya maji, na ndani yake samaki hai 51. Kila nisomapo habari hii hucheka, halafu kicheko hukoma, kwa maana Australia haina ukali huo kwa kupenda kusumbua wasafiri. Ni nchi iliyotengwa na bahari, nayo imekwisha kuona madhara ya wanyama walioletwa kutoka nje. Tena ugonjwa wa samaki hauonekani kwa macho, huja ndani ya maji yale yale aliyomo samaki mzuri.

Nasi tunao mfano ulio karibu nasi, ingawa madhara yake yameangukia wengine. Katika miamba ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya pwani yetu, yuko samaki mwenye mapezi marefu kama manyoya ya jogoo na miiba yenye sumu, ambaye Wazungu humwita samaki-simba. Kwao, yaani katika bahari yetu na ile ya Pasifiki, hana neno. Anao maadui wake na mahali pake. Kwa uzuri wake amepelekwa katika masanduku ya kioo ya Marekani. Mwaka 1985 mmoja wa jamaa hiyo alionekana katika bahari ya Florida, na wataalamu wengi husema asili yake ni samaki waliofugwa kisha wakatupwa baharini. Leo wamejaa Bahari ya Karibi yote, wakafika hata pwani za Brazili, wakiwameza watoto wa samaki wengine ambao hawajajifunza kuwaogopa. Mtu aliyemtupa wa kwanza hakuwa mwovu, yamkini. Pengine alihama nyumba, akamwonea huruma samaki wake, hakutaka kumwua. Akaenda ufukweni, akammwaga, akarudi na moyo mweupe. Wavuvi wa visiwa vingi wamelipa gharama ya huruma ile.

Hata bila kuvuka bahari jambo hili hutokea. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, kiko kisiwa kiitwacho Thumbi Magharibi, karibu na Cape Maclear. Hapo wafanya biashara ya samaki wa mapambo waliwamwaga samaki wa sehemu nyingine za ziwa, ili wawapate karibu wakati wa kuwauza. Ziwa ni lile lile, nchi ni ile ile, hakuna forodha iliyopitwa. Hata hivyo wageni wale wakakaa, wakazaana, na jiwe lile halitarudi kuwa lilivyokuwa.

Mtu atasema: mwalimu, sasa wataka kuifunga kazi ya watu. La, sikusema hivyo, wala siamini kwamba kumtoa samaki majini na kumpeleka ng'ambo ni dhambi kwa asili yake. Iko nchi ambako kazi hiyo imewafaa watu na samaki pamoja. Huko Brazili, katika mto Rio Negro, uko mji uitwao Barcelos, ambao watu wake kwa miaka mingi wamevua kadinali, samaki mdogo mwenye mstari wa buluu na wekundu unaong'aa. Hukamatwa kwa vyandarua vidogo katika misitu iliyofunikwa na mafuriko. Maji yapungukapo wengi wao wangekufa hata hivyo, kwa kukaukiwa au kuliwa. Tena mtu apataye riziki yake kwa samaki waishio chini ya miti hana haja ya kuikata miti ile. Biashara hiyo ilipopungua, kwa sababu kadinali walianza kuzalishwa mabwawani katika nchi za mbali, wako waliokwenda kutafuta kazi nyingine, na si kazi zote zinazouhurumia msitu. Kwa hiyo mtu akisimama na kutangaza kwamba kila samaki abaki majini, na amwambie kwanza mvuvi wa Barcelos atakula nini.

Hapa kwetu biashara hii ilipata jina tangu Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alipoanza mwaka 1971 kuwapeleka samaki wa Tanganyika nje ya nchi kutoka Burundi. Jina lake limebaki: mwaka 1974 mtaalamu Poll alimwita samaki mmoja wa miamba kwa jina la brichardi, na leo samaki huyo yumo katika masanduku ya kioo ya dunia nzima, akizaliana humo pasipo haja ya kuvuliwa tena. Hutokea mara nyingi kwamba kiumbe cha kwetu hupewa jina la mtu wa mbali. Sioni uchungu juu ya hilo, lakini sikuona ubaya kulitaja.

Nilimwuliza mzee mmoja mvuvi, mtu wa pwani ya Kigoma, "Mzee wangu, waionaje kazi hii ya samaki wa mapambo?" Akakaa kimya, akiendelea kushona wavu wake. Halafu akaniambia, "Mwalimu, mgebuka namjua mwisho wake, ni chunguni. Nimevua, umenunua, umekula, tumemalizana. Huyu wa kwenye kioo simjui mwisho wake. Sijui aendako, wala sijui huko hununuliwa kwa kiasi gani. Nikiuza kitu nisichokijua, mimi ni mwenye mali au ni kibarua?"

Nimelitafakari swali lake mara nyingi. Watu hudhani kwamba jambo baya katika magendo ni kodi iliyopotea. Kodi ni haki, nayo hununua dawa na vitabu; walakini kama ingekuwa kodi tu, kosa lingepimwa kwa shilingi na kulipwa kwa shilingi. Mimi naona liko jambo lingine. Mpakani ndipo mahali pekee katika safari nzima ambapo mtu hulazimika kujibu maswali: Kiumbe hiki kimetoka jiwe gani? Nani amekikamata, na kwa njia gani? Kina ugonjwa? Chaenda wapi? Kijijini hakuna aulizaye, kwa sababu kijana ana njaa na mnunuzi ana haraka. Dukani Ulaya hakuna aulizaye, kwa sababu samaki ni mzuri na bei imeandikwa. Samaki mwenyewe hana kinywa cha kusema. Afanyaye magendo ameliondoa swali lenyewe. Amefanya kwamba mzee yule wa Kigoma asijibiwe kamwe, wala yule mtu wa Florida asionywe.

Lakini nisiisifu hati kupita kiasi. Hati haioni yote. Katika bahari za Ufilipino na Indonesia, wako wavuvi wengi waliozoea kuwapulizia samaki wa mapambo sumu ya sianidi ili wazimie wakamatike upesi, na miamba hai ikafa pamoja. Samaki huyo akifika mpakani anaonekana mzima, na karatasi yake ni safi. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vya mwituni, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, una orodha ndefu, ila samaki wengi wa mapambo hawamo. Kwa hiyo mtu aweza kufuata kila sheria, na bado akawa amefanya neno baya. Sheria ni ukuta wa chini. Juu yake yabaki mengi ambayo hayashikwi ila na dhamiri.

Sasa nafika kwenye swali gumu, ambalo limenisumbua kuliko mengine yote, nami sitalikwepa.

Katika mto Xingu, nchini Brazili, yuko samaki mdogo wa jamaa ya kambare, asiyefika sentimita kumi, mwenye milia myeupe na myeusi kama punda milia. Wataalamu walimwandika jina lake mwaka 1991, Hypancistrus zebra. Hapatikani po pote ila katika sehemu ile ya Xingu. Brazili imekataza kabisa asitolewe nchini. Lakini Brazili hiyo hiyo ilianza mwaka 2011 kujenga katika mto ule bwawa kubwa la umeme, Belo Monte, ambalo mashine zake zilianza kufanya kazi mwaka 2016, na maji ya sehemu aliyokaa samaki yakageuzwa njia. Wafanya magendo nao humtoa kwa siri. Humpeleka mpaka Tabatinga, mji ulio mpakani, ambao umeshikamana na Leticia wa Kolombia hata mtu hupita kutoka barabara ya nchi moja hadi ya nchi nyingine kwa miguu. Kutoka huko husafirishwa kwa hati kama samaki wa Kolombia, ingawa Kolombia hayuko hata mmoja mtoni. Mwaka 2017 Brazili ilimtia katika orodha ya tatu ya mkataba ule nilioutaja, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, mataifa yakakubali aingie katika orodha ya pili.

Mfanya magendo, akikamatwa, aweza kusema hivi: "Ninyi mmemkataza nisimtoe, nanyi ndio mmemkausha mto. Kwenu atakufa. Katika vioo vya Ujerumani na Japani anazaliana. Mimi ni Nuhu wa siku hizi, na mkoba wangu ni safina." Nani atamjibu? Serikali ihifadhiyo samaki kwa mkono mmoja na kumnyima maji kwa mkono wa pili haina uso mkavu wa kumhukumu. Tena ni kweli kwamba wako watu wa ng'ambo waliofaulu kumzalisha, na kazi yao imekuwa na faida.

Nimelizungusha neno hili mara nyingi, na jibu langu ni hili. Kwanza, Nuhu hakuwauza wanyama wake. Mtu atwaaye samaki kwa sababu ya bei yake, akapata mtetezi wa samaki baada ya kukamatwa, ametafuta vazi la kufunika uchi wake. Tena, mfanya magendo hatwai wale ambao wangekufa. Hutwaa wale walio rahisi kukamatwa na wazuri wa kuuzwa, naye hurudi mwaka ujao. Na kama wengi wafa mkobani, hakuna atakayejua, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu. Lakini nikiisha kusema hayo yote, sidai kwamba nimemaliza. Mtu aliye naye samaki wa Xingu katika kioo chake leo, ambaye babu wa samaki wake alitoka kwa magendo, afanye nini? Amtupe? Amrudishe mtoni usio na maji? Akimtunza vizuri, akazalisha, akawapa wenzake ili wasinunue wa magendo, naona ameitengeneza njia iliyopotoka kadiri awezavyo. Lakini asiseme kwamba njia haikupotoka.

Nasi hapa nyumbani tulipata kujaribiwa kwa mtihani ule ule hasa, nasi tukaujibu kwa namna nyingine. Katika bonde la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, alikuwapo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika sentimita tatu, ambaye hakai po pote duniani ila katika manyunyu ya maporomoko yale, mahali pasipozidi ukubwa wa mashamba machache. Naye hatagi mayai, huzaa watoto hai. Serikali ilihitaji umeme, ikajenga bwawa, maji ya maporomoko yakapungua sana, manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walitwaliwa, wakavushwa mpaka, wakapelekwa Marekani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye na Toledo. Huku bondeni pakategwa mabomba ya kurusha manyunyu ya bandia. Vyura wakaongezeka, kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafula, na ugonjwa wa ukungu ulionekana kati yao. Tangu mwaka 2004 hawakuonekana tena. Mwaka 2009 dunia ikatangaza kwamba porini hayuko hata mmoja.

Watu wengi katika nchi waliuliza kwa hasira: chura na umeme, kipi kitangulie? Swali hilo si la kipumbavu. Mtu ambaye mtoto wake asoma kwa kibatari ana haki ya kuliuliza, na wale waliompuuza kwa kumwita mjinga walikosa adabu. Mimi siwezi kulijibu kwa niaba yake. Nataka tu kuitazama ile safari ya sanduku, na kuiweka mbele ya ule mkoba wa Tabatinga.

Wote wawili walivusha kiumbe hai kilicho adimu. Wote wawili waliona wengi wakifa mikononi mwao, maana huko Marekani miaka ya kwanza vyura walikufa kwa wingi, watunzaji wakijifunza kwa taabu chakula gani na mwanga gani utawafaa. Lakini waliochukua vyura walikuwa na kibali cha mwenye nyumba. Walijulikana majina yao. Hesabu ilijulikana: 499, wala si mia tano kasoro. Wakifa, ilipasa isemwe wamekufa. Tena hawakuuzwa; walibaki wa Tanzania wakikaa ugenini, kama mtoto aliyepelekwa kwa shangazi wakati wa njaa, ambaye kila mtu ajua kwao ni wapi.

Mwaka 2010 mia moja wakaletwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika chumba kilichotengenezwa kwa ajili yao, wenye kuwatunza wakiwa Watanzania. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni, chini ya manyunyu ya mabomba. Ugonjwa ule wa ukungu haukuondolewa duniani, na mabomba yahitaji mtu wa kuyaangalia kila siku, kwa hiyo hakuna awezaye kuahidi kwamba watadumu. Vijana wetu waliosomea kazi hiyo hushuka bondeni na daftari, wakawahesabu.